Jirani Aliyeacha Mlango Wazi

Mlango wake ulikuwa wa mbao, rangi ya kijani iliyopauka kwa jua, na katika miaka yote niliyoishi mkabala naye pale Ibra, Omani, sikupata kuuona umefungwa mchana. Usiku ulirudishwa na kutiwa komeo kwa ndani. Kitasa kilikuwa na ufunguo wake, lakini ufunguo ule ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, umeshika kutu, na msumari huohuo ndio aliotundikia tasbihi yake. Tasbihi ilishuka na kupanda mara tano kila siku. Ufunguo haukuguswa.

"Nyumba yenye mlango wazi ni nyumba ya watu," alikuwa akisema. "Ikifungwa ni ukuta tu."

Mimi nilimwita Bibi, na watoto wangu wakamwita Bibi Jirani. Hapa nitamwita Jirani, maana ndivyo alivyokuwa kwangu kuliko kitu kingine chochote. Mimi si msomi. Nilikuwa mhudumu katika skuli ya wasichana, nafagia madarasa na kupeleka chai kwa walimu, na haya nayaandika kwa sababu tangu aondoke sijapata mtu wa kumsimulia.

Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa na kahawa tayari. Wanawake wa mtaani walikuja kwa zamu wasiyopangiana, wenyeji wa Ibra na sisi tuliotoka Afrika, tukakaa juu ya mkeka kuizunguka sinia ya tende. Alimimina akiwa amesimama, chupa mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, na hakukubali kusaidiwa. Kwa desturi ya huku mgeni akitosheka hasemi, hukitikisa kikombe kidogo kabla ya kukirudisha. Asipokitikisa, mwenyeji humimina tena. Jirani alikuwa na macho makali kwa jambo hilo. Ukitikisa mapema alikwambia, "Umemnunia nani?" Ukichelewa kutikisa alisema, "Mashaallah, leo kwenu hapakupikwa."

Ulimi wake, kwa kweli, ulikuwa na makali yake. Alikuwa mtu wa mjini Unguja, na Kiswahili changu cha Bujumbura kilimchekesha mpaka machozi. Nikisema, alinitazama kama mtu anayeangalia mtoto akijaribu viatu vya baba yake, halafu akasema, "Haya, tumekuelewa, mwana wa bara. Mungu ana njia nyingi." Kiarabu chake mwenyewe kiliwachekesha wenyeji vilevile, lakini hilo hakulijali. Aligombana kwa Kiarabu hichohicho na muuza samaki aliyekuja na pikapu kutoka Sur.

"Samaki huyu katoka baharini lini?" alimuuliza akiwa amesimama kizingitini, maana pikapu ililazimika kusogea mpaka mlangoni kwake.

"Leo alfajiri, khalati, wallahi."

"Basi mbona ananitazama kama ananijua? Huyu tushawahi kuonana."

Muuza samaki alicheka, akampunguzia bei, na kila mara alirudi. Nadhani alikuwa akija kwa ajili ya matusi.

Lakini mwanamke huyu aliyepokea mtaa mzima nyumbani kwake hakwenda nyumbani kwa mtu. Hili liliwachukua wageni muda kulitambua. Mtu akizaa, Jirani alipeleka sinia kubwa ya vyakula, lakini yeye haendi. Pakitokea msiba aliwapikia wafiwa siku zote za matanga. Alipofariki mama mmoja wa mwisho wa kichochoro chetu, mtu aliyekunywa kahawa yake miaka, nilimwona Jirani amesimama kwenye kizingiti chake, buibui limemfunika, analia kwa sauti palepale. Hakupiga hata hatua kuelekea kule. Baadhi ya wanawake walisema ana kiburi. Hata mimi, sitasema uongo, nililiwaza hilo.

Nilikuja kujua siku moja ya Jumatano. Ibra ina soko la wanawake tupu siku hiyo, wanaume hawaingii, na si mbali na mtaani kwetu. Nilimbembeleza twende, akakubali, akavaa vizuri, akajifukiza udi. Tukatembea kandokando ya falaji, mfereji wa maji unaopita mtaani, maji yanakwenda, yeye ananieleza vitambaa atakavyonunua. Tulipofika pale falaji inapopinda akasimama.

"Hapa basi," akasema.

"Kuna nini, Bibi?"

"Nikipita hapa siuoni mlango wangu."

Nikageuka. Kweli, kutoka pale mlango wa kijani ulionekana mdogo kama kiganja. Akakaa juu ya ukingo wa falaji, akaniambia maneno ambayo sikuyasikia tena kutoka kwake. Alisema Unguja aliufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Yeye na watu wake walikuwa wanakwenda kwa shangazi yake, siku chache tu, mpaka mambo yatulie. Hawakurudi. Mombasa wakapanga nyumba, nayo akaifunga kwa mkono wake, wakaja huku.

"Kila mlango nilioufunga, mwanangu, sikuurudia. Huu sitaufunga. Na sitauacha."

Akanipa pesa za vitambaa, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo sikuwaza tena habari ya kiburi.

Mume wake alikuwa mtu mpole, mrefu, asiyemaliza sentensi zake kwa kuwa alijua mkewe atazimalizia. Alikuwa dereva wa gari la maji la serikali, akipeleka maji vijijini, mpaka akastaafu. Sebuleni kwao ilitundikwa kalenda ya zamani aliyopewa kazini, picha yake kasri jekundu juu ya kilima, nyuma yake milima yenye theluji. Ilikuwa Gharnata, kule Spania. Mwalimu wake wa chuoni alimhadithia habari za mji ule alipokuwa mtoto, jinsi Waarabu walivyoupelekea maji kwa mifereji kutoka mlimani, na kwamba mifereji mingine ingali inapitisha maji hadi leo. Mtu aliyebeba maji kwa lori maisha yake yote alitaka kuyaona hayo. Miaka ilipita na kalenda ilibaki ukutani.

"Mwaka huo umekufa zamani," Jirani alimwambia. "Uzike."

"Mwaka umekufa," alijibu Mzee, "lakini picha..."

"Picha haijafa. Haya, tumesikia."

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea mwisho mtoto wao anayeishi Maskati alipotoa tiketi mbili za Gharnata, za baba na mama. Jirani alicheka kwanza. Alipoona si mzaha, akakunja uso.

"Nenda wewe."

"Niende na nani?"

"Na kalenda yako."

Mzee hakugombana. Lakini alibadilika. Aliacha kuitazama ile picha, na mkewe aliliona hilo, maana aliona kila kitu. Siku moja, mbele yangu, Mzee akasema kwa upole, kikombe mkononi, "Bibiye, sisi hatuna miaka mingi. Miye sitaki kwenda kuona mji. Nataka kwenda kuuona na weye." Ile sentensi aliimaliza mwenyewe. Jirani akachukua chupa akammiminia tena, ingawa Mzee alikuwa keshakitikisa kikombe.

Kilichofuata ni shauri la Mzee. Alisema mlango hautafungwa. Nitakaa mimi. Kila siku nikitoka skuli nitaingia kwao, nitachemsha kahawa, nitakaa anapokaa yeye, na anayekuja atakuta nyumba ina mtu. Binti yangu mkubwa atakuwapo asubuhi. Jirani alinitazama kwa muda mrefu kama anayepima kitambaa.

"Iliki usiifanyie uchoyo," akasema mwishowe.

"Sitaifanyia, Bibi."

"Na asije mtu akakuta mlango umerudishwa. Hata nusu."

Siku waliyoondoka nilisimama mlangoni nikiushika ubao kwa mkono, uwe wazi kabisa. Gari likaanza kwenda, naye akawa amegeuka kitini, uso wake kwenye kioo cha nyuma, anatazama. Alitazama mpaka gari lilipofika pale falaji inapopinda. Niliogopa litasimama. Halikusimama.

Alipiga simu kila siku saa ya kahawa. Hakunisalimu hata.

"Mlango?"

"Uko wazi, Bibi."

"Nani kaja?"

Nikamtajia. Siku ya kwanza hakuniamini. "Nisikilizishe," akasema. Nikakielekeza chombo cha simu kwa wanawake waliokaa mkekani, wakapiga kelele wote pamoja, huyu anamwombea dua, huyu anamwagiza manukato, mwingine anamuuliza kama Wazungu wanakula wali. Nilipokirudisha sikioni nilisikia anapumua. "Haya," akasema, "sasa wape tende."

Habari za mji alizileta Mzee kwenye simu hiyohiyo, akipokonywa kila mara. Maji yapo, alisema, yanapita mpaka kwenye ngazi, yanateremka kwenye mikono ya ngazi kama... "Kama falaji," ilisikika sauti ya mkewe nyuma yake, "lakini hapana mtu anayefua." Kuta zimeandikwa Kiarabu toka chini mpaka juu. Jirani alisema shingo inamuuma kwa kusoma.

Halafu ikaja siku simu haikulia. Wanawake walikuja, wakanywa, wakatikisa vikombe, na hakuna aliyeondoka. Adhana ya magharibi ikatukuta tumekaa vilevile tukiitazama simu. Mmoja akasema labda wako njiani. Mwingine akasema labda mama wa watu kashindwa, kaugua kwa kufikiria nyumba yake. Mimi nilimimina kahawa iliyopoa na hakuna aliyenisema. Usingizi wa siku hiyo ulikuwa wa kukatika.

Kesho yake ililia kabla sijaweka maji jikoni.

"Bibi! Jana tumekungoja!"

"Jana nilikuwa kwa jirani."

"Jirani gani, Bibi? Uko Uzunguni!"

"Kwani Wazungu hawana majirani?"

Kisa chenyewe tulikipata waliporudi, na tulikipata mara mbili, maana kila mmoja alikuwa na chake. Nakiandika kama nilivyowasikia wakikatizana.

Mkabala na kasri, ng'ambo ya bonde, kuna mtaa wa kale wa nyumba nyeupe na vichochoro vya mawe. Walipanda huko mchana jua likianza kulegea. Mzee akasimama kupiga picha ya kasri lote. Jirani akatangulia polepole.

"Vichochoro kama vya kwetu Unguja," alisema. "Ukuta hapa, ukuta hapa, mbingu kidogo juu. Kuna kiduka, halafu njia inapinda, halafu unakata mkono wa kushoto ufike kwetu. Nikakata. Wallahi sikufikiri. Miguu ilikuwa inajua."

Mkono wa kushoto palikuwa na mlango, nao ulikuwa wazi. Ndani ua, vyungu vya maua, na kiti.

"Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Mlango wazi, saa ya kahawa, kiti kimewekwa. Ungefanyaje wewe?"

"Ningeondoka, Bibi."

"Ndiyo maana ninyi wa bara hamjui mambo."

Akavua viatu mlangoni, akaviweka sawasawa, akaingia, akakaa. Yeye, ambaye Ibra hakuwahi kukaa kwenye mkeka wa mtu! Baada ya muda akateremka bibi wa makamo yake, mzungu, amebeba beseni la nguo mbichi, akamkuta mwanamke mwenye buibui jeusi amekaa uani kwake anapunga hewa kwa mkono.

"Alipiga kelele?" tuliuliza wote.

"Alivuta pumzi. Nikamwambia, Salaam alaykum. Akatazama mlangoni kama anaita watu. Halafu akaviona viatu vyangu."

Hapo Jirani alikuwa akisita kila aliposimulia, na kila mara alitabasamu palepale. Yule bibi aliviona viatu, vimepangwa pamoja kama vya mtu aliyefika kwao, akaweka beseni chini, akacheka. Mwizi havui viatu. Akaingia ndani akatoka na kahawa, nyeusi, chungu, katika kikombe kidogo. Jirani akatoa tende alizozifunga kwenye leso mkobani. Hawakuwa na lugha moja hata kwa neno. Walioneshana picha za watoto. Jirani akamaliza kahawa, akakitikisa kikombe. Yule bibi akamimina tena. Akanywa kwa adabu, akakitikisa zaidi. Akamiminiwa tena.

"Nikasema huyu ataniua. Kila nikitikisa yeye anaona naomba!"

Wakati huo Mzee alikuwa akizunguka vichochoroni anamwita mkewe kwa sauti, watu wanafungua madirisha. Alimpata askari, akamwonesha pasi ya mkewe, askari akamfuata. Mzee alisema kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwake, kwamba amemtoa mwanamke huyu mlangoni kwake kwa maneno matamu na sasa amempoteza. Kila alipofika kwenye sehemu hiyo sauti yake ilishuka.

"Halafu nikaviona viatu," alisema. "Vile vya ngozi, nilivyomnunulia Nizwa. Viko mlangoni kwa watu, vimetulia."

"Akaingia analia," Jirani akasema.

"Sikulia. Nilikuwa nime..."

"Ulilia. Hata askari aliona. Na askari naye akapewa kahawa."

Tulicheka sana kwa kisa hicho, miaka. Lakini kuna neno aliniambia mimi peke yangu. Alisema walipotoka, yule bibi aliuacha mlango wazi nyuma yao, na wao wakateremka kilima wakipiga soga. "Nilifika hotelini ndipo nikakumbuka kwamba sikugeuka kutazama."

Siku waliyorudi Ibra nilikuwa nyumbani kwangu nafua, binti yangu akiwa kule kwao. Nilisikia gari. Nikangoja kelele za kule ng'ambo. Badala yake nikasikia mlangoni kwangu:

"Hodi!"

Alikuwa amesimama kizingitini kwangu na vumbi la safari, mkoba mkononi, nyumbani kwake hajaingia bado. Mlango wake ulikuwa wazi nyuma ya mgongo wake, na yeye hautazami.

"Karibu, Bibi, karibu, sina hata..."

"Weka maji. Leo nimiminie wewe."

Tangu hapo akawa mtu wa kwenda. Alikwenda soko la Jumatano akagombana na wauzaji wote. Alikwenda kwa waliozaa na kwa wafiwa. Alikwenda nasi hata Wadi Bani Khalid kutazama maji, akakaa juu ya jiwe anasema ya Gharnata yalikuwa safi zaidi. Akifika nyumba ya mtu alivua viatu akaviweka sawasawa, akacheka kidogo peke yake. Lakini nisiseme zaidi ya nilichokiona. Mlango wake hakuufunga. Alipotoka aliuacha wazi, na ufunguo uliendelea kushika kutu kwenye msumari wa tasbihi.

Mzee alifariki miaka michache baadaye, usingizini. Jirani akakaa eda yake, na mlango ule ukatufaa, maana tuliingia na kutoka kama nyumba yetu. Kalenda aliiacha ukutani. Sikumsikia tena akisema izikwe.

Yeye mwenyewe alifia Maskati, kwa mwanawe, baada ya kuugua. Sikuwapo. Nililetewa habari na mwanawe, akaja na mkoba wa mama yake, ndani yake mna ufunguo. Nililia siku nyingi, na hata sasa saa ya alasiri inanipata vibaya. Lakini nikimkumbuka namkumbuka asubuhi ile aliyoondoka, mara ya mwisho nilipomwona.

Mwanawe alikuwa amekuja kumchukua akatibiwe. Gari lilikuwa linanguruma nje. Mimi nilikuwa nimejiandaa tangu niliposikia kwamba ataondoka, nimenunua hata iliki.

"Usijali, Bibi," nikamwambia. "Nitakaa mimi, kama zamani. Kahawa itakuwapo."

"Wewe una nyumba yako," akasema. "Kaa kwako. Uache mlango wako wazi."

Akanyoosha mkono nyuma ya mlango. Tasbihi akaivaa shingoni. Ufunguo akauangalia, akaufuta kwa upindo wa kanga yake. Nikaona keshautia mafuta, maana kidole chake kiling'aa. Akavuta mlango. Haukuwa umezoea, ulikwama, nikasogea kumsaidia.

"Niache," akasema. "Nataka niufunge mwenyewe."

Akausukuma kwa bega, akatia ufunguo, ukazunguka kwa sauti ya kukwaruza ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia. Akautingisha mlango kuhakikisha. Nilinyoosha kiganja changu, nikidhani atanikabidhi ufunguo, maana nani mwingine? Akakitazama kiganja, akacheka.

"Alaa! Miye nikirudi nianze kukutafuta wewe sokoni?"

Akautia mkobani mwake, pamoja na tende zilizofungwa kwenye leso, akapanda gari.

Nilisimama njiani. Niliukumbuka uso wake kwenye kioo cha nyuma, mwaka ule wa safari, nikawa nautazama mlango wa kijani uliofungwa, na gari, na mlango, nikingoja ageuke. Gari likafika pale falaji inapopinda. Nikaona kisogo chake tu, na mkono mmoja umeinuka, unakwenda huku na huku. Alikuwa anamsimulia mwanawe jambo. Kwa jinsi mkono ulivyokuwa ukitikisa kitu kidogo hewani, kama kikombe, nilijua ni kisa gani.